Kipimo Nacho Kipimwe

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika mjini Kigali, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Umati uliojipanga kando ya barabara ya mawe ya Kimihurura uliyaona magurudumu, miguu na jasho. Jambo ambalo halikuonekana kwa urahisi ni kijisanduku kidogo kinachofungwa kwenye usukani wa baiskeli za siku hizi, ambacho kila baada ya sekunde moja humwonyesha mpandaji ni wati ngapi anazitoa wakati huo. Namba hiyo haizaliwi ndani ya kijisanduku. Hutoka kwenye vihisi vilivyofichwa ndani ya krenki, au ndani ya pedeli, au katikati ya gurudumu la nyuma, na chombo kizima huitwa kipima-nguvu.

Namba hiyo imepata mamlaka makubwa. Hapo zamani mkufunzi alimjua mpandaji wake kwa saa na kwa jicho. Mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer, mmoja wa waanzilishi wa vyombo hivi, alipoanzisha kampuni yake ya SRM mwaka 1986, kipima-nguvu kilikuwa kitu cha watafiti na mabingwa wachache. Leo kijana yeyote mwenye fedha za kutosha, au mwenye mfadhili, aweza kukifunga kwenye baiskeli yake. Mwaka 2020 Mwaustralia Jay Vine alishinda shindano lililoendeshwa kwa baiskeli zilizosimama ndani ya nyumba, wati za washiriki zikipelekwa kwa njia ya intaneti. Zawadi ilikuwa mkataba wa kuwa mpandaji wa kulipwa, na mwaka 2022 huyo huyo akashinda hatua mbili za mbio kuu za Hispania.

Kwa kijana wa Iten, wa Musanze au wa Arusha, aliye mbali na macho ya wakufunzi wa Ulaya, mlango wa namna hiyo ni neema. Lakini ni mlango unaofunguliwa kwa namba, na namba hutolewa na chombo. Chombo kikipunguza asilimia 4, kijana mwenye wati 300 huandikwa 288 na kuwekwa kando, wala hakuna atakayemwambia kwamba aliachwa kwa sababu ya bolti iliyolegea. Kikiongeza asilimia hiyo hiyo, mwingine huandikwa 312, husafirishwa, na huaibika mbele ya wenzake. Ndiyo sababu jambo linaloonekana kuwa la mafundi wa baiskeli lastahili kuzungumzwa katika kurasa zinazosomwa na walimu na wanafunzi: watumiaji wengi wa kipima-nguvu, na baadhi ya watengenezaji wake, hawatofautishi kati ya kuweka sifuri na kuhakiki kipimo. Kosa hilo halikuanzia barabarani. Limeanzia darasani.

Hapana budi kwanza kutazama chombo kinavyofanya kazi. Nguvu, kwa maana ya fizikia, ni kazi inayofanyika katika kila sekunde. Kwa kitu kinachozunguka, hupatikana kwa kuzidisha momenti kwa kasi ya mzunguko. Krenki ikizunguka mara 90 kwa dakika, kasi yake ni radiani 9.42 kwa sekunde. Momenti ikiwa newtoni-mita 30, nguvu ni wati 283 hivi. Kasi si ngumu kupima. Sumaku iliyobandikwa kwenye fremu yatosha, ingawa vyombo vingi vya sasa vimeiacha sumaku na kutumia kihisi cha mwendo, ambacho mara nyingine huchanganyikiwa na mitikisiko ya barabara mbovu. Ugumu uko kwenye momenti.

Kihisi cha momenti ni utepe mwembamba wa metali uliochorwa kama uzi unaokwenda na kurudi, kisha ukagundishwa imara juu ya krenki. Mpandaji anapokanyaga pedeli, krenki hupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Utepe nao huvutwa pamoja nayo, uzi wake hurefuka na kuwa mwembamba zaidi, na ukinzani wake wa umeme huongezeka. Krenki ikinyumbuka kwa sehemu 500 katika milioni, utepe wa kawaida wenye ukinzani wa omu 350 hubadilika kwa omu 0.35 tu, yaani sehemu moja katika elfu. Badiliko dogo kiasi hicho hupimwa kwa kuunganisha tepe nne katika mpango wa daraja, uliobuniwa na Mwingereza Samuel Hunter Christie mwaka 1833 na kuelezwa kwa upana na Charles Wheatstone mwaka 1843. Jina lililobaki vitabuni ni la Wheatstone. Katika sayansi, kama shambani, apandaye si lazima awe ndiye avunaye.

Sasa msomaji afikirie joto. Alumini hurefuka kwa sehemu 23 hivi katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selisiasi. Baiskeli iliyolala ndani ya nyumba yenye nyuzi 25 ikitolewa nje alfajiri penye nyuzi 10, krenki yake hufupika kwa sehemu 345 katika milioni. Linganisha na zile 500 zilizoletwa na mguu wa mpandaji! Bila hila yoyote, chombo kisingeweza kutofautisha ubaridi wa asubuhi na nguvu za binadamu. Hila ni lile daraja: tepe zote nne zikipoa kwa pamoja, mabadiliko yake hufutana. Lakini hufutana vizuri pale tu ambapo joto limeenea sawasawa katika chuma chote, na hakuna gundi wala utepe uliolingana na mwenzake kabisa. Mabaki ya kutolingana huko ndiyo huisogeza sifuri. Mpandaji atokaye nyumbani na kubonyeza kitufe hapo hapo mlangoni ameweka sifuri ya nyumbani, kisha anapanda nayo mlima wa baridi. Angesubiri robo saa au nusu saa, baiskeli ikiwa nje, angekuwa ameweka sifuri ya kweli.

Na hapa ndipo penye neno lenye kupotosha. Katika vijisanduku vingi kitufe hicho huandikwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuhakiki kipimo, lile ambalo wataalamu wa viwango wa Tanzania hulieleza kwa neno ugezi. Lakini kitufe hakihakiki kitu. Krenki ikiwa imesimama wima, pasipo mguu juu ya pedeli, chombo huambiwa tu: hali uliyo nayo sasa, ihesabu kuwa ni sifuri. Kila mwanafunzi wa sekondari aujua mlinganyo wa mstari ulionyooka, y = mx + c. Kitufe hurekebisha c. Hakiigusi m, yaani mteremko wa mstari, ambao ndio huamua ni newtoni-mita ngapi zihesabiwe kwa kila badiliko la umeme. Chombo chaweza kuwa na sifuri safi kabisa na huku kikidanganya katika kila namba iliyo juu ya sifuri, kama mizani ya muuzaji ambayo sahani ikiwa tupu husimama sawa, lakini kilo yake ni gramu 950.

Makosa haya mawili yana tabia mbalimbali, na ajuaye tabia zake amekwisha fika nusu ya njia ya kuyatafuta. Sifuri ikisogea kwa newtoni-mita 1, mpandaji azungushaye mara 90 kwa dakika huongezewa au hupunguziwa wati 9.4, awe anatembea taratibu kwa wati 100 au anapambana kwa 300. Mteremko ukiwa na kosa la asilimia 3, kosa ni wati 3 penye 100 na wati 9 penye 300. Basi swali la kwanza la fundi lisiwe chombo kimekosea kiasi gani, bali kosa linakua pamoja na kazi au limesimama mahali pamoja. Kosa lililosimama huelekeza kidole kwenye sifuri. Kosa linalokua huelekeza kwenye mteremko.

Sifuri inayohama siku hadi siku ingawa hali ya joto haikubadilika aghalabu ina chanzo cha kawaida tu. Bolti za gia ya mbele zimelegea, au zimekazwa upya kwa mkazo usio sawa, na chuma kilichokazwa huwa tayari kimepindishwa kidogo kabla mguu haujakigusa. Pedeli zimebadilishwa na hazijakaa mahali pake. Baada ya kukanyagwa kwa nguvu mara chache hutulia. Betri imechoka. Maji yameingia. Yote haya huangaliwa kwa spana na kitambaa, wala hayahitaji mtaalamu.

Kuna tena makosa ambayo si ya kihisi hata kidogo. Kipima-nguvu cha kwenye pedeli hupima kani, kisha hukizidisha kipimo hicho kwa urefu wa krenki ambao mwenyewe ameuandika. Akiandika milimita 170 na krenki yake ni ya 175, amejinyang'anya karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa mkono wake mwenyewe. Na kile cha bei nafuu, kinachopima mguu wa kushoto peke yake na kuzidisha kwa 2, hudhani kwamba miguu ya binadamu ni sawa. Mguu wa kushoto ukitoa asilimia 48 ya kazi, chombo huonyesha 96 mahali pa 100. Hakuna kitufe cha kuponya dhana hiyo.

Dawa ya kosa la mteremko ni moja, nayo ni ya kale: tundika uzito unaojulikana. Gurudumu la nyuma hufungwa lisizunguke, krenki hulazwa mlalo kabisa, na uzito hutundikwa katikati ya ekseli ya pedeli. Momenti ni tungamo mara mvutano wa dunia mara urefu wa krenki. Kilo 20 kwenye krenki ya milimita 172.5 huleta newtoni-mita 33.8. Chombo kikionyesha 33.2 baada ya sifuri kuondolewa, kimepungukiwa na asilimia 2 hivi. Mlalo usipuuzwe, maana krenki iliyoinama kwa nyuzi 10 hupunguza momenti kwa asilimia 1.5, na mtu anaweza kukilaumu chombo kwa kosa la jicho lake. Kisha uzito ushushwe na kutundikwa tena, mara tatu au nne, na mizani nyingine ndogo na kubwa zijaribiwe, ili mstari uchorwe kwa nukta nyingi badala ya mbili.

Lakini ni nani aliyesema kwamba kilo 20 ni kilo 20? Vyuma vya mazoezi huandikwa namba ambazo hazikupimwa kwa uangalifu wowote. Heri dumu la maji lililopimwa kwenye mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, kwa sababu mizani hiyo imelinganishwa na mawe ya serikali, na mawe ya serikali yamelinganishwa na mengine yaliyo bora zaidi, mpaka mwisho wa mnyororo. Mwisho huo, tangu 1889, ulikuwa kipande cha metali kilichotunzwa Sèvres karibu na Paris. Tangu tarehe 20 Mei 2019 ni namba isiyobadilika ya Planck. Mpandaji wa Musanze aliyetundika dumu la maji kwenye pedeli ameshika pingu ya mwisho ya mnyororo huo huo. Hata mvutano wa dunia haulingani kila mahali: vitabu hutumia 9.81, ilhali karibu na ikweta, kwenye nyanda za juu, ni 9.78 hivi. Tofauti ni chini ya wati moja katika 300, kwa hiyo asiyetaka kuihesabu asihesabu, ila ajue kwamba ipo.

Asiye na nafasi ya kutundika kitu anao mlima. Mpandaji na baiskeli yake wakiwa na kilo 80 kwa jumla, wakapanda kimo cha mita 300 kwa dakika 20, kazi ya kuinua uzito huo peke yake ni juli 234,720, ambayo ni wati 196. Hapo hapajahesabiwa upinzani wa hewa, msuguano wa matairi, wala nguvu zinazopotea katika cheni. Siku isiyo na upepo, kipima-nguvu kinachoonyesha wastani wa wati 180 kwa safari hiyo kinasema uongo, na hakuna haja ya kubishana nacho. Njia hii haitoi jibu kamili, lakini hutoa mpaka ambao ukweli hauwezi kuwa chini yake, na yote hufanywa kwa saa, mizani na ramani yenye mistari ya kimo.

Wapo wanaopinga haja ya taabu hii. Husema kwamba mpandaji hujilinganisha na nafsi yake; ikiwa chombo hukosea kwa kiasi kile kile kila siku, kupanda na kushuka kwa namba bado humwambia ukweli juu ya maendeleo yake. Hoja hiyo ina uzito, na kwa mtu anayefanya mazoezi ya afya yatosha kabisa. Lakini humfaa mpaka siku anapobadilisha chombo, au namba yake inapotoka nje ya nyumba yake kwenda kulinganishwa na ya mwingine. Tena, atajuaje kwamba kosa ni lile lile kila siku, iwapo hajalipima hata mara moja? Anayeona wati zake zimeshuka kutoka 280 hadi 268 kati ya mwezi Juni na Julai hujilaumu kwanza, huongeza mazoezi, hukosa usingizi, pengine huugua. Na kumbe kilichobadilika ni baridi ya Julai.

Kwa hiyo ni haki kudai mambo mawili. La kwanza, watengenezaji waache kukiita kitufe cha sifuri kwa jina lisilo lake, na kila mwenye kipima-nguvu apewe njia ya kuona momenti kwa namba, ili aweze kutundika uzito na kujionea. Vipo vyombo ambavyo hadi leo havimruhusu. La pili, timu au chama chochote kinachochagua vijana kwa wati zao kidai pamoja na wati hizo jedwali la uzito uliotundikwa, lenye tarehe na hali ya joto. Atakayesema kwamba ni masharti magumu akumbuke kwamba muuza nyanya hulazimika kupeleka mizani yake ikahakikiwe, na kinachoamuliwa kwa mizani ile ni fungu la nyanya tu.

Na walimu je? Katika jaribio la kawaida la maabara, mwanafunzi hupewa mizani ya springi, husoma namba, huchora grafu, na hupata alama nzuri jibu lake likikaribia lile la kitabuni. Likiwa mbali, huambiwa kwamba hakusoma vizuri. Kwa njia hiyo hujifunza kwamba mwenye kukosea daima ni mtu, na chombo hakikosei kamwe. Naye mwanafunzi mwerevu hujifunza jambo baya zaidi: kuzirekebisha namba ili zifanane na za kitabu.

Shule haihitaji kununua kipima-nguvu ili kulitibu jambo hili. Mwalimu aziharibu mizani zake makusudi. Kundi moja lipewe mizani ambayo mshale wake umesogezwa kidogo kabla ya kipindi. Kundi la pili lipewe mizani ambayo karatasi ya alama zake imebadilishwa kwa nyingine iliyochorwa kwa nafasi pana zaidi. Kundi la tatu lipewe mizani nzima, bila kuambiwa. Kila kundi litundike gramu 100, 200, 300 na kuendelea, lichore mstari, kisha liseme mizani yake ina ugonjwa gani, bila kuifungua. Mshale uliosogezwa utajitokeza katika c, na karatasi iliyobadilishwa katika m. Kundi la tatu ndilo litakalohangaika zaidi, kwa sababu kukiri kwamba chombo ni kizima kunahitaji ushahidi uleule.

Mwalimu mwenye ari aweza kuongeza mizani ya nne, yenye springi iliyovutwa kupita kiasi hadi ikachoka. Hiyo haitatoa mstari mmoja: gramu 300 zikipimwa wakati wa kuongeza uzito zitasomeka namba moja, na wakati wa kupunguza zitasomeka namba nyingine. Ugonjwa wa namna hiyo hauponywi kwa c wala kwa m. Krenki ambayo gundi ya utepe wake imeachia hufanya vivyo hivyo chini ya dumu la maji, na mwenye nayo hana la kufanya ila kuirudisha kwa aliyeitengeneza, pamoja na karatasi yenye namba zote alizozisoma, za kupandisha na za kushusha.